Daftari la Vifua

Mpimaji hakunusa mtungi wa maziwa mara moja. Alinusa mara mbili. Alifungua kifuniko, akainama, akavuta; kisha akageukia barabarani, akavuta baridi ya asubuhi, akarudi tena. Alisema mara ya kwanza pua husikia inachotaka kusikia, na ni mara ya pili ndipo husema kweli. Foleni ya kituo cha kukusanyia maziwa ilikuwa ndefu, punda wamesimama na mitungi mgongoni, wenye pikipiki wananung'unika kwamba wanachelewa, na yeye hakuharakisha hata kwa mtungi wa dada yake mwenyewe. Dada yake alikataliwa maziwa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Huko kwetu, upande wa juu wa Molo unapoelekea Keringet, hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Mpimaji hata kanisani, hata baada ya kustaafu, hata na watoto ambao hawajawahi kumwona kituoni. Mimi pia nitamwita hivyo.

Nilimjua kwa kukataliwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu hazikutosha kunipeleka popote, na mama alinipa kazi ya kupeleka maziwa ya asubuhi. Ni lazima niseme jinsi nilivyo, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikiosha kikombe nitakiosha tena. Nikifunga mlango nitarudi kuushika. Mtungi wetu niliuosha mara tatu kwa maji ya moto, na bado alipochanganya maziwa yetu na spiriti kwenye kigilasi, yaliganda vipande vipande mbele ya watu wote, dalili kwamba yameanza kuchacha. Nikaanza kulia. Nikamwambia nimeosha mara tatu. Akauliza nimekausha na nini. Nikasema kitambaa. Cha lini? Kilikuwa cha jana.

"Wewe ni msafi wa macho," akaniambia, bila ubaya. "Kuna usafi mwingine."

Huo mwingine ndio aliotumia miaka iliyofuata kunifundisha, na sijui kama niliupata.

Alikuwa na mzaha mkavu. Maziwa yakiwa mepesi, kipimo kikazama, alimtazama mwenye mtungi na kumuuliza kwa sauti ya huruma, "Ng'ombe wako alinyeshewa jana?" Foleni ikacheka. Kijana mmoja akajitetea kwamba ng'ombe wake ni wa kienyeji, hunywa maji mengi. Mpimaji akamjibu, "Hiyo ni sawa, boss. Lakini mwambie anywe na mdomo, asinywe na mtungi." Kijana aliondoka na mtungi wake akicheka, na kesho yake akaleta maziwa mazito kama uji. Watu walimwogopa lakini hawakumchukia. Walijua kwamba mtungi mmoja mbaya ukiingia kwenye tangi, maziwa ya kijiji kizima humwagwa.

Ajabu ilikuwa kwamba mtu huyu aliyeshinda asubuhi nzima akifukuza maziwa yaliyochacha, alirudi nyumbani na kunywa yaliyochacha. Hakunywa chai. Alikunywa mursik, kutoka vibuyu vitano vilivyoning'inia jikoni mwake, na alipewa ujuzi wake na marehemu mkewe. Nilipomuuliza anawezaje kukataa huku na kumeza kule, alisema kituoni maziwa huchacha kwa sababu mtu amelala, na kwenye kibuyu huchacha kwa sababu mtu ameamka. Kuna wageni wanaoingia wakiwa hawajaalikwa, akasema, na kuna wanaoalikwa.

Hao walioalikwa aliwaita vijana wa zamu. Alijua kwamba ni bakteria. Alikuwa amefundishwa neno hilo na chama cha ushirika zamani, kwenye mafunzo ya usafi, lakini pale lilitajwa kama adui tu. Yeye alisema wapo wa aina mbili, kama askari. "Ukilala wao wako kazini," aliniambia. "Wako tumboni, lakini wanalinda mpaka kifuani. Wewe unafikiri kikohozi kinaanza kifuani? Kinaanza mahali ambapo hakuna mlinzi."

Nilienda nyumbani nikasoma. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na kamusi ya Kiingereza. Nilisoma miezi mingi, nikaandika kwa kalamu za rangi tatu, nikachana kurasa zilizokuwa na makosa na kuziandika upya. Nilikuta kwamba mzee hakuwa anaota. Kuna watafiti wanaosema bakteria fulani wa maziwa ya kuchacha huenda wakaamsha kinga ya mwili, na kwamba huenda mtu akaugua mafua mara chache au akapona upesi kidogo. Nilikuta pia maneno mengine: kwamba si kila bakteria, si kila mtu, kwamba mara nyingine hawakuona tofauti yoyote, na kwamba dawa haiachwi kwa sababu yao. Kuhusu vibuyu vya kwetu sikupata mtu aliyepima.

Nilimsomea yote. Alipenda mwanzo. Alifumba macho na kusema, "Soma tena hapo." Nilipofika kwenye "lakini" alikumbuka kwamba ng'ombe hajapewa majani. Nilisoma kurasa zile mbele yake labda mara sita, na sijawahi kumaliza hata mara moja.

Nisiseme kwamba alikuwa mjinga. Siku za chanjo, alizunguka nyumba za jirani akikusanya watoto, kadi zao za kliniki zikiwa kwenye mfuko wa koti, akawapeleka mwenyewe na kusimama nao kwenye foleni. Mama mmoja alipomwambia mtoto wake anakunywa mursik kwa hiyo hahitaji sindano, alimkemea hadi yule mama akavaa viatu. Alisema dawa ni ya ugonjwa na maziwa ni ya kabla ya ugonjwa. Aliwaambia watu wafungue madirisha hata Julai, wakati ukungu wa kwetu hauondoki mpaka saa tano.

Na bado yeye mwenyewe alipotengeneza vibuyu alifunga mlango. Alichukua kijiti cha mti wa senetwet, akakichoma hadi kikawa kaa, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka ukuta wake ukawa mweusi na laini. Jiko lilijaa moshi. Alikohoa, machozi yakamtoka, akaendelea. Nilimwomba afungue mlango angalau nusu. Alisema moshi ukitoka, kibuyu hukosa. Kwa hiyo nilikaa nje kwenye baridi na kumsikiliza akikohoa mle ndani, akitengeneza kinga ya vifua vya watu wengine. Sikuliona hilo kama jambo la kutisha wakati ule. Niliona ni moshi tu.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Mama alichambua viazi kwenye maghala ya Molo kwa miaka mingi. Alikaa chini kwenye saruji baridi, vumbi la udongo mkavu likipanda kila gunia lilipomwagwa, na kifua chake kikajifunza kupiga filimbi. Kila Julai alilazwa. Niliijua ile filimbi kuliko nilivyojua sauti yake. Nilikuwa naamka kuisikiliza, na nikishaisikia nilirudi kuisikiliza tena, kama mlango.

Mpimaji alianza kumletea maziwa. Kila baada ya siku moja alikuja na kikombe cha bati kilichofunikwa kwa sahani, akasimama mlangoni mpaka mama amalize, kwa sababu hakuamini mtu anayesema atakunywa baadaye. Mama alimtania kwamba anamnywesha kama ndama. Julai ile mama hakulazwa. Iliyofuata pia hakulazwa. Miaka minne ilipita bila kitanda cha hospitali. Labda ni maziwa. Labda ni kwamba alikuwa ameacha ghala na kuanza kuuza mboga karibu na nyumbani, mbali na vumbi. Nililijua hilo la pili. Niliandika kwa rangi nyekundu. Lakini mtu ambaye mama yake anapumua hamshiki shati aliyemponya kumuuliza maswali.

Alikuwa na kanuni yake. Mtu wake akianza kukohoa, alimwongezea: vikombe vitatu kwa siku, kwa siku tatu. "Wape vijana siku tatu," alisema. "Wasipoweza, nenda hospitali haraka." Ilisikika kama busara. Haikuwa kukataa hospitali. Ilikuwa kungoja kidogo tu. Sisi wote tuliishika kanuni hiyo, na watu wengi walikohoa siku mbili wakanyamaza, kama ambavyo watu wengi hukohoa siku mbili wakanyamaza.

Julai ya mwaka wa tano mama alianza kukohoa. Mpimaji alikuja na kikombe asubuhi, mchana na jioni. Tulimpeleka Nakuru siku ya Jumamosi. Daktari, msichana wa umri wangu, alisikiliza mgongo wake kisha akaniuliza nimengoja nini. Ilikuwa nimonia, pande zote mbili. Mama aliishi siku tisa, nyingi zake akiwa na mpira wa hewa puani, na siku ya mwisho alinituma nimwambie Mpimaji kwamba hana hasira naye. Sikupeleka salamu hizo. Nakiri hapa. Nilizishika.

Alikuja kwenye mazishi na koti lake la kazi, lile jeupe la kituoni, limefuliwa na kupigwa pasi. Alisimama nyuma. Wiki tatu baadaye alikuja kwangu na daftari.

Nilikuwa nasikia habari za daftari hilo tangu zamani. Aliandika ndani yake watu wote aliowapa maziwa: jina, nyumba, vikombe, na mwisho wa msimu wa baridi, hali ya kifua. Alisema iko siku watu wa chuo kikuu watauliza, na jibu litakuwa tayari. Sasa aliniomba nilinakili kwa mwandiko mzuri tulipeleke. Alisema mimi ndiye mtu msafi zaidi anayemjua. Nilikubali kwa sababu moja tu, na haikuwa chuo kikuu. Nilitaka kumwona mama humo. Nilitaka kuona miaka minne imeandikwa na mkono wa mtu mwingine, kwamba ilikuwepo.

Nilianza kunakili. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na ulionyooka kama mistari ya shamba. Jina, nyumba, vikombe viwili, hakukohoa. Jina, nyumba, kikombe kimoja, hakukohoa. Ukurasa wa kwanza ulinifurahisha. Ukurasa wa kumi ulinitia baridi. Msimu baada ya msimu, katika nyumba zote zile zenye ukungu na moshi na watoto, hakuna aliyekohoa.

Nikamtafuta mama. Nilipitia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nikarudia. Nikarudia tena, kidole kikishuka jina kwa jina. Hakuwepo. Hakukuwa hata na mkwaruzo wa kalamu mahali alipofutwa. Kisha nikaona kwenye mshono wa katikati vipande vidogo vya karatasi, mabaki ya kurasa zilizochanwa kwa uangalifu. Alikuwa ameziandika upya zote, kwa mwandiko uleule mzuri, bila yeye. Mimi hufanya hivyo. Nilijua kabisa ilivyo kazi ya mtu anayefanya hivyo.

Alipokuja nilikuwa nimeliweka daftari mezani, limefunguliwa.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza.

"Alikohoa," akasema.

Alisema kwa upole, kana kwamba ananikumbusha jambo ninalolijua. Akanieleza. Kituoni, mtungi ukikataliwa hauandikwi. Unarudi na mwenyewe. Kinachoandikwa ni kile kilichoingia kwenye tangi, na ukiandika kilichokataliwa umeharibu tangi zima. Miaka thelathini na moja aliandika hivyo na hakuna siku ambayo kitabu chake kilikosea. Aliyekohoa, basi, mahali fulani palikuwa na kasoro: hakumaliza kikombe, au alikunywa na chai, au kibuyu kilifunguliwa mapema. Alimwondoa na kuanza ukurasa safi. Mkewe aliyemfundisha vibuyu, aliyekufa kwa kifua, naye hakuwemo.

Hakuwa anadanganya. Ningependa sana awe mwongo. Mwongo ningemchukia na nikalala. Hakujua namna nyingine ya kuandika.

Mimi ndiye niliyejua namna nyingine, nimejifundisha mwenyewe kwenye kioo kilichopasuka, na niliitumia kumpiga. Nikamwambia daftari hili halina maziwa ndani yake, lina watu waliobahatika tu. Nikamwambia akilipeleka chuoni watamcheka. Nikamwambia kwamba hajui, hajawahi kujua, kwamba miaka yote hiyo amekuwa akinusa mara moja.

Akainuka, akavaa kofia. Nikamsukumia daftari lake, lakini hakulichukua.

"Kaa nalo," akasema.

Hakuleta tena maziwa kwa mtu yeyote. Nilisikia kwamba alivipasua vibuyu, kisha nikasikia kwamba hakuvipasua, aliviacha tu vikakauka. Watu walisema amezeeka ghafla. Kifua chake, kile cha moshi, kilishindwa na baridi ya kwetu, na binti yake akaja kumchukua, akampeleka Nakuru anakoishi, kwenye zile nyumba za zamani za kaunsili huko Bondeni.

Nilingoja karibu mwaka mzima. Nilijiambia nasubiri nipate maneno sahihi. Niliandika barua nyingi na kuzichana zote. Mwishowe nilikwenda bila maneno, daftari likiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Binti yake, mama wa makamo anayeuza nguo za watoto mbele ya nyumba, alinitazama kwa muda kabla ya kunipisha. Alinionya nisimsemeshe sana. Mpimaji alikuwa ameketi mlangoni juani, blanketi magotini, amekonda hadi masikio yake yanaonekana makubwa. Kila pumzi ilikuwa kazi. Ilikuwa na filimbi, nami nikaitambua.

"Niaje, msichana," akasema. Hakuwahi kunisalimia hivyo. Alikuwa amejifunza mjini, na alijaribu kunichekesha.

Nilimpa salamu za mama, zile nilizozishika. Nilizisema vibaya, kwa haraka, nikiangalia chini. Alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akaniuliza kama nimekuja na daftari, nikalitoa. Hakulifungua. Alilipapasa jalada, akanirudishia.

"Kuna kurasa nyuma hazijaandikwa," akasema. "Andika mama yako."

Niliandika jina la mama, nyumba, vikombe. Nilipofika mahali pa kifua nikainua kalamu, akangoja mpaka nikaandika.

"Sasa mke wangu."

Nikaandika. Akataja mwingine, jirani wa zamani karibu na kinu. Akataja mtoto wa miezi saba, na jina la bibi alilopewa mtoto huyo. Akataja mapacha, mmoja tu. Alitaja nyumba, alitaja vikombe, alitaja ni baridi ya mwaka gani, na kama mtu alipona baadaye au hakupona. Alipumzika kupumua kisha akaendelea kutoka palepale. Wale ambao hawakukohoa, alihitaji daftari ili awakumbuke. Hawa hakuhitaji chochote. Alikuwa nao wote, kwa mpangilio, na kwa kadiri nilivyoweza kuona, hakuwahi kumwacha hata mmoja.

Kurasa nane zilijaa. Binti yake alitoka mara mbili kumwambia apumzike, na mara zote mbili alimwinulia mkono. Jua lilipohama mlangoni nikasikia amenyamaza, nikadhani amemaliza.

"Mama yako," akasema, "alianza lini kukohoa?"

Nilijua anachouliza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si daktari, si ndugu zangu, na mimi sikuwahi kumwambia mtu. Usiku ule wa kwanza nilisikiliza kile kifua na nikajua. Nilisoma vya kutosha kujua. Asubuhi nilivaa, nikachukua kadi yake ya hospitali, nikaishika mkononi. Kisha yeye akafika na kikombe, na mama akamwambia asante, na nikairudisha kadi kabatini kwa sababu nilitaka sana iwe kweli.

"Kama si mimi," akasema, "ungempeleka siku gani?"

"Jumatano," nikasema.

"Na mkampeleka?"

"Jumamosi."

Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

"Andika hiyo pia," akasema. "Andika zote mbili."

Nikafungua ukurasa wa mama. Nafasi ilikuwa imebaki ndogo sana, pembeni, karibu na mshono, na ilinibidi niandike kwa herufi ndogo.